Gari Lako Lina Gesi Gani?



Pale Gerezani, Dar es Salaam, fundi wa AC akishafungua boneti ya gari kuukuu, swali la kwanza analopata kutoka kwa mwenye gari ni hili: "Fundi, kujaza gesi shilingi ngapi?" Gesi ipi, hakuna anayeuliza. Fundi naye ana wateja wengine wanamsubiri, na jua la Februari linawaka. Anaunganisha geji, anafungua mtungi, anaweka kiganja kwenye matundu ya dashibodi, akiona ubaridi umetoka anapokea hela yake. Wanaachana wakishukuriana. Shukrani hizo hudumu wiki mbili, pengine mwezi, kisha gari linarudi, safari hii kwa fundi mwingine, upande wa pili wa barabara.

Nimeombwa nieleze namna ya kuhamisha kiyoyozi cha gari la zamani kutoka gesi ya zamani kwenda mpya. Nitaeleza, na nitaingia hadi kwenye oili na sili. Ila niseme mapema ninakoelekea: katika jiji hili gesi ipo, na mafundi wenye mikono mizuri wapo. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Gari limepita kwa wamiliki watano na mafundi wasiohesabika, kila mmoja ameingiza chake ndani ya mabomba yale, na hakuna hata mmoja aliyeandika alichoingiza.

Tuanze na umri wa gari. Magari yenye AC yaliyoundwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na gesi iitwayo R-12. Kati ya 1992 na 1995 hivi, viwanda vya Japani, Ulaya na Marekani vilihamia R-134a, kila kimoja kwa wakati wake. Kwa hiyo gari la 1993 linaweza kuwa la upande wowote, lakini la 1997 halina ubishi. Hapa mjini R-12 ni gesi ya Land Cruiser za 60 na zile za 70 za mwanzo, Mercedes-Benz za W123 na W124 za awali, Peugeot 505 ambazo wazee wastaafu hawataki kuachana nazo, na Corolla za miaka ya 1980. Ukilinganisha na IST na Noah zinazobanana Mtaa wa Msimbazi, hayo ni magari machache. Lakini mwenye nalo hauzi, na akipata hela kidogo anataka AC irudi.

Tusiitukane R-12. Ilikuwa kemikali ya ajabu. Kabla yake majokofu yalitumia amonia, salfa dioksidi na methili kloraidi, vitu ambavyo vikivuja usiku familia haiamki. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa General Motors na kampuni yake ya Frigidaire, walipata gesi isiyowaka, isiyo na sumu ya karibu, isiyokula chuma. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wa Marekani, akavuta pumzi ya gesi hiyo, akaipuliza kwenye mshumaa ukazimika. Watu waliona kwa macho yao kwamba gesi haiui wala hailipuki. Muongo mmoja baadaye Packard wakaanza kuuza gari lenye kiyoyozi cha kiwandani.

Ubaya wake ulikuwa ndani ya uzuri wake. Haivunjiki. Ikivuja Ilala leo itakaa hewani takribani miaka 100, na muda huo unaitosha kupanda hadi juu kabisa, ambako miale mikali ya jua huing'oa klorini yake. Chembe moja ya klorini huweza kuangamiza molekuli kama 100,000 za ozoni kabla haijatulia. Hayo yaliandikwa na Mario Molina na Sherwood Rowland mwaka 1974, wakapingwa sana na wenye viwanda. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika ilikuwa inapungua vibaya kila msimu wa kuchipua wa huko, na tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikasainiwa. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 kwa matumizi yao kufikia 1996. Sisi na wenzetu tunaoendelea tulipewa hadi tarehe 1 Januari 2010. Nyumbani tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zinazodhibiti kemikali za aina hii.

Ndiyo maana leo mwenye Mercedes ya 1984 hana gesi yake ya kiwandani dukani. Na akiambiwa ipo, na aulize maswali mawili matatu kabla hajatoa pochi.

Sasa tuingie kazini. R-134a haina klorini, kwa hiyo ozoni haiigusi. Kwa upoozaji inakaribiana sana na R-12, ndiyo sababu ilichaguliwa. Lakini kukaribiana si kufanana, na tofauti zake hujitokeza mahali pale pale panapotuuma sisi wa Dar: kwenye joto kali gari likiwa limesimama.

Nitawapa namba chache kwa psi, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwenye geji zenu. Kwenye nyuzi 0, R-12 ina presha ya psi 30 na R-134a psi 28. Kwenye nyuzi 30, R-12 ni 93 na R-134a ni 97. Hadi hapo hakuna la kutisha. Lakini kondensa ikifika nyuzi 60, R-12 inasoma 206 na R-134a inasoma 229. Yaani kadiri joto linavyopanda, gesi mpya inazidi kuipita ya zamani. Na ni lini kondensa inafika nyuzi 60? Si kwenye barabara ya Bagamoyo ukiwa mwendo wa 80, upepo unapiga rejeta. Ni saa nane mchana makutano ya Uhuru na Msimbazi, mikokoteni mbele, mwendokasi pembeni, lami inatoa mvuke, na feni ya gari lako ni ile ile ya mwaka 1986 inayozungushwa na injini iliyo sailensa.

Kwa hiyo fundi anayehamisha gari kwenda R-134a bila kuitazama kondensa na feni amefanya kazi ya nchi za baridi. Gari litapoza vizuri asubuhi na kwenye barabara kuu, na litatoa hewa vuguvugu kwenye foleni, na mwenye gari atarudi akisema gesi imeisha. Gesi haijaisha. Joto ndilo halina pa kutokea. Dawa yake ni kondensa ya kisasa yenye mirija bapa mingi inayopitisha gesi sambamba, badala ya ile ya zamani yenye bomba moja linalopinda kama nyoka. Na ni feni ya umeme iliyofungwa mbele yake, inayowaka kila klachi ya kompresa inaposhika. Zote mbili zipo kwenye maduka ya spea, mpya na za mtumba. Ikishindikana kubadili kondensa kwa sababu ya bajeti, angalau ile ya zamani ioshwe. Nimeona kondensa ambazo mapezi yake yamezibwa na vumbi, nywele za mbuzi na mabaki ya wadudu wa safari ya Morogoro hadi mwanga haupiti. Hiyo hata R-12 ingeishinda.

Pamoja na hilo, swichi ya presha ya juu. Magari mengi ya R-12 hayakuwa nayo. Yalikuwa na vali ya kupunguza presha inayomwaga gesi nje mambo yakizidi. Ukihamia R-134a funga swichi inayokata klachi kabla gesi haijamwagika. Ni kifaa kidogo, hakina bei ya kumtoa mtu jasho, na ndicho kinachoachwa mara nyingi kuliko vyote.

Oili sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kompresa nyingi tunazozizika hufa hapa.

Ndani ya kompresa hakuna pampu ya oili kama ya injini ikiwa na sampu yake. Katika mfumo wa gari, oili husafiri pamoja na gesi: hutoka kwenye kompresa, hupita kondensa, draya, vali ya upanuzi, evapoleta, hurudi. R-12 ilikuwa ikielewana na oili ya madini, wakisafiri wote kwa amani. R-134a haielewani nayo hata kidogo. Ukimwaga R-134a juu ya oili ya madini, gesi itazunguka peke yake, na oili italala chini ya evapoleta na kwenye kona za kondensa. Kompresa itaendelea kupoza siku kadhaa ikitumia ute uliobaki kwenye kuta zake. Kisha utasikia mkwaruzo, kisha klachi inatoa moshi, kisha unauziwa kompresa ya mtumba, na juu yake inawekwa gesi ile ile juu ya uchafu ule ule. Mtu anaweza kuua kompresa tatu kwa njia hii akidhani anauziwa mbovu.

Oili za R-134a ni za familia mbili. Ya kwanza ni PAG, ambayo viwanda huweka kwenye magari mapya, katika uzito tofauti: 46, 100, 150. Ya pili ni esta, ambayo kwenye mitungi huandikwa POE. Kwa gari linalohamishwa kutoka R-12, esta ndiyo salama zaidi, kwa sababu inavumilia mabaki ya oili ya madini na klorini ambayo hata ukisafisha vipi hayaishi yote. PAG haivumilii. Lakini zote mbili zina tabia moja inayoliudhi jiji la pwani: hunyonya unyevu wa hewani kwa pupa. Kopo la oili lililofunguliwa Jumatatu likaachwa rafu ya juu na kifuniko kimeegeshwa tu, Ijumaa si oili tena ya kutia kwenye AC. Linaonekana vile vile, rangi ile ile. Nawaomba wenye maduka: uzeni makopo madogo yanayoisha kwa gari moja. Mnapata faida ndogo kwa kopo, lakini mtauza mengi.

Hivyo utaratibu ni kufungua mfumo, kutoa kompresa, kumwaga oili yake ya zamani na kuipima kwa chombo chenye mistari ili ujue ilikuwa kiasi gani, kusafisha mabomba, kondensa na evapoleta kwa kimiminika cha kusafishia AC, kisha kupuliza kwa naitrojeni kavu. Kompresa za Denso za 10P zilizofungwa kwenye Toyota nyingi za enzi hizo huvumilia uhamisho vizuri zikiwa nzima, mradi oili imebadilishwa. Wapo wanaosafisha kwa petroli. Tafadhali. Petroli inabaki kwenye kona, inalainisha mipira, na mfumo ule baadaye una presha na joto. Wapo pia wanaopuliza kwa upepo wa kompresa ya matairi, ambao kwa unyevu wetu wa Machi ni sawa na kuingiza maji kwa makusudi.

Draya ibadilishwe bila mjadala. Ile ya zamani ina punje za kufyonza unyevu za aina ya XH-5, zilizotengenezwa kwa R-12. R-134a inahitaji XH-7 au XH-9. Unapoinunua, angalia vifuniko vyake vya pande mbili. Draya iliyopangwa kwenye kabati la kioo bila vifuniko, ikimetameta, imeshanywa hewa ya Kariakoo hadi imeshiba. Ni kopo tupu la chuma hilo. Na kijiweni kwa fundi, draya iwe kitu cha mwisho kufungwa kabla ya pampu kuwashwa.

Mipira ya sili ibadilishwe ile unayoigusa. Ya R-134a ni ya aina ya HNBR, mara nyingi ya kijani. Ipake oili mpya kabla hujaikaza. Hosi ni suala la kuamua ukiwa umeishika mkononi: molekuli ya R-134a ni ndogo na hupenya mpira wa kawaida kwa urahisi zaidi, lakini hosi nzima iliyokwisha kunywa oili kwa miaka mingi huvuja kidogo kuliko watu wanavyohofia. Ikiwa imepasuka, imekakamaa au inatoa jasho la oili kwenye maungio, itengenezwe upya kwa hosi yenye utando wa ndani. Hapo sina zaidi.

Nozeli ndizo alama ya kwanza ya uaminifu. R-12 ina nozeli za nyuzi, unakaza kama nati. R-134a ina nozeli za kubana, mm 13 upande wa presha ndogo na mm 16 upande wa presha kubwa, ili mtu asichanganye pande wala gesi. Zinauzwa adapta za kufunga juu ya nozeli za zamani, zikikazwa kabisa zisitoke. Fundi anayehamisha gari lakini anaacha nozeli za nyuzi zikiwa wazi amemtegea mtego fundi atakayefuata.

Kisha pampu ya vakyumu. Hapa joto letu kwa mara ya kwanza linatusaidia. Maji kwenye nyuzi 30 huchemka presha ikishuka hadi takribani kilopaskali 4, wakati hewa tunayovuta hapa pwani ina kilopaskali 101. Pampu nzuri inashuka chini ya hapo kwa urahisi, na unyevu wote ulio ndani ya mabomba unageuka mvuke na kutoka. Kompresa ya friji iliyokufa, iliyogeuzwa pampu, mara nyingi haifiki huko, na ndiyo tunayoiona ikinguruma chini ya miti ya vijiwe vingi. Nusu saa ni kiwango cha chini. Mfumo uliokaa wazi upewe saa nzima. Kisha funga vali, zima pampu, tazama mshale kwa dakika kumi na tano. Ukipanda, kuna liki au kuna maji, usijaze. Unyevu uliobaki utaganda kwenye tundu la vali ya upanuzi, AC itapoza dakika kumi ikate, na baada ya muda utatengeneza asidi inayotafuna alumini kutoka ndani.

Kujaza ni kwa mizani. Si kwa kiganja, si kwa kuangalia povu kwenye kioo cha draya, kwa kuwa kioo kile kilisomwa kwa R-12 na kwa R-134a kinadanganya. Chukua uzito ulioandikwa kwa R-12, weka asilimia 80 hadi 85 yake. Gari lililobeba gramu 900 litataka kati ya gramu 720 na 765. Ukiongeza ili "ipoze zaidi" unajaza kondensa kimiminika, nafasi ya kutoa joto inapungua, presha inapanda, na AC inapoza hafifu kuliko awali. Hili limewashinda hata watu wenye vyeti.

Na ile R-12 ya zamani, kama bado ipo ndani? Tunajua inavyofanywa: bisibisi ndogo inabonyeza pini ya nozeli, gesi inatoka kwa mluzi, kijana anageuza uso pembeni, dakika mbili kazi imekwisha. Kilo moja ya R-12 hupasha joto dunia sawa na tani 10.9 za kaboni dioksidi kwa hesabu ya miaka 100. Gramu 900 zile ni karibu tani 10, sawa na kuchoma zaidi ya lita 4,000 za petroli, kwa mluzi wa dakika mbili. Mashine za kunyonya na kuhifadhi gesi zipo, na fundi mmoja mmoja hawezi kununua yake. Lakini vijiwe kumi vya mtaa mmoja vinaweza kuchangia moja, kama tunavyochangia jenereta na ulinzi wa usiku.

Sasa nirudi kwenye kumbukumbu, maana yote niliyoeleza yanabomoka yasipoandikwa.

Mmesikia namba nilizozitoa kwa nyuzi 30: 93 kwa R-12, 97 kwa R-134a. Gari likilala kivulini usiku, asubuhi ukafunga geji, tofauti ya psi 4 utaisomaje kwenye mshale unaotetemeka, na geji yenyewe imeshaanguka mara kadhaa? Geji haiwezi kukuambia ndani kuna gesi gani. Na zikiwa zimechanganywa, inasema uongo kabisa. Rangi ya mtungi nayo si ushahidi. Mafundi wakubwa walizoea R-134a ni bluu ya mbingu, R-22 ni kijani, R-12 ni nyeupe. Lakini miongozo ya sekta huko Marekani iliziondoa rangi hizo, na tangu 2020 mitungi yote inatakiwa rangi moja ya kijivu. Kinachobaki ni maandishi kwenye mtungi, na kifaa cha kutambua gesi, ambacho vijiwe vingi havina.

Na yanayoweza kuwa mle ndani si mepesi. Kuna anayejaza R-22, ile ya viyoyozi vya majumbani, kwa sababu mtungi wake ulibaki kazini. Kwenye nyuzi 60 R-22 ina psi 337. Linganisha na 206 ambayo hosi zile zilikusudiwa. Kuna ushauri unaozunguka vijiweni kwamba gesi ya kupikia inapoza. Ni kweli inapoza. Propani na butani ni vipozi vizuri, na yapo majokofu ya nyumbani yanayotumia gramu chache za butani. Lakini evapoleta ya gari iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria, na liki yake inaingia kwenye kabini iliyofungwa vioo ambamo mtu anawasha sigara. Kibaya kuliko vyote ni R-134a ya bandia iliyochanganywa methili kloraidi, ile ile sumu iliyokuwa ikitumika kabla ya Midgley. Ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Mwaka 2011 mafundi waliuawa Vietnam na Brazil na mashine za makontena ya baridi zilizolipuka kwa sababu hiyo. Makontena ya aina hiyo yanashushwa kila wiki bandarini kwetu, umbali wa kutembea kwa mguu kutoka hapa.

Fundi anayeongeza gesi juu ya gesi asiyoijua anatia chumvi kwenye chungu ambacho hakukionja, na chungu chenyewe kina presha.

Wamarekani walilitatua kwa karatasi. Kanuni zao za uhamisho zinamtaka fundi aondoe R-12 yote, afunge nozeli za gesi mpya, na abandike kwenye chumba cha injini kibandiko, kwa R-134a kiwe cha bluu ya mbingu, chenye jina na anwani yake, tarehe, aina na uzito wa gesi, aina na kiasi cha oili. Hakuna teknolojia hapo. Ni kibandiko kisichotoka kwa joto na kalamu isiyofutika. Vyote vinachapishwa Kariakoo kwa siku moja, na wachapaji wetu wanachapa mambo magumu kuliko hayo.

Nawasikia wengine wakisema hayo ni ya magari ya wazee, yatakwisha yenyewe. Hayatakwisha. R-134a nayo inaondoka. Haili ozoni, lakini kilo yake moja ni sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Tarehe 15 Oktoba 2016, hapo Kigali kwa jirani zetu, mataifa yalikubaliana kuipunguza pamoja na ndugu zake. Kundi kubwa la nchi zinazoendelea lilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, hadi asilimia 80 ifikapo 2045. Ulaya imekwisha kuifunga kwenye magari mapya tangu 2017. Japani iliweka 2023 kuwa mwaka wake wa lengo. Gesi iliyochukua nafasi ni R-1234yf, ambayo haipashi joto sana dunia lakini inaweza kuwaka kidogo, ni ghali, na imekusudiwa magari yaliyoundwa kwa ajili yake. Mwenye Land Cruiser ya 1987 asiifikirie. Kwake R-134a bado ni jibu sahihi.

Lakini fikirini magari ya mtumba yatakayoshuka bandarini mwakani na mwaka wa pili kutoka Yokohama na Southampton. Baadhi yatakuja na R-1234yf. Siku AC ikikata, mwenye gari ataambiwa bei ya mtungi, atashtuka, na atauliza kama haiwezekani kutiwa "ile ya kawaida". Fundi atatafuta adapta. Tutakuwa tumerudi mwaka 1995, kwa mwelekeo wa kinyume, na gari linalofuata litakuwa na mchanganyiko wa gesi mbili, moja yake ikiwaka.

Vyuo vyetu havijalala. VETA Chang'ombe wanafundisha majokofu na viyoyozi, na Chuo cha Usafirishaji kiko Mabibo. Ningependa kuona mtihani wa vijana hawa una swali la kibandiko, na kijana asiyekijaza asifaulu hata kama AC aliyoitengeneza inatoa barafu.

Kwenu wenye magari, ombi langu ni dogo. Mkifika kijiweni msianze na bei. Ulizeni ndani kuna gesi gani, na fundi amejuaje. Ombeni kuona mizani. Mkiambiwa "bosi, hiyo niachie mimi", mwambieni kwa heshima kwamba mtasubiri. Na kabla ya kulipa, fungueni boneti pamoja naye, mwombe aandike: tarehe, R ngapi, gramu ngapi, oili gani, na jina lake. Akikataa kuandika jina lake kwenye kazi aliyoifanya kwa mikono yake, msimlipe hela yote.